Vibanio Mgongoni

...na kama kweli vimetoka kwenye mkoba wake, basi mtoto alivichukua lini, maana juzi tu Nereida aliupekua ule mkoba akitafuta rangi ya mdomo na vilikuwemo, au hakuangalia, au aliviona kwa mazoea jinsi mtu anavyoona funguo zake, vibanio vyeusi vya chuma, vyenye meno, vile ambavyo mafundi wa studio wanabania nyaya na Doña Chelo, mtunza mavazi, anambania yeye, mgongoni, kila asubuhi, gauni linavutwa nyuma mpaka mbele linashika kama ganda la nyanya, na huko nyuma ni mikunjo na machuma ungedhani ni gari bovu, lakini kamera haioni nyuma, mji mzima wa Monterrey unamjua Nereida Villagómez wa hali ya hewa na hakuna aliyewahi kuuona mgongo wake akiwa kazini... “Simama wima, mwanangu,” anasema Doña Chelo sasa hivi, vidole vya baridi kwenye uti wa mgongo, ka, kibanio cha kwanza, “usicheke,” ka, kingine, kana kwamba kuna mtu anayecheka hapa, na sikioni ni Evaristo, mwongozaji, kutoka chumba chake cha vioo, “Bado, malkia wangu, wazee wa uchambuzi wa mpira wameshikana mashati, usitoke kwenye alama,” na Nereida yuko kwenye alama, msalaba wa utepe mweupe sakafuni, mbele ya ukuta wa kijani usio na kitu, ramani iko ndani ya runinga ndogo pembeni lakini hapa ni kijani kitupu, miaka yote hii amekuwa akinyoosha mkono kuonyesha mahali pasipo na mvua wala mlima, na watu wakatoka na miavuli yao, wakamwamini, watu wa ajabu sana, au yeye ndiye wa ajabu, maana hata yeye siku nyingine aliamini... “Mama Danae? Usishtuke,” ndivyo alivyoanza yule naibu mwalimu mkuu kwenye simu, na ukitaka mtu ashtuke mwambie hivyo hivyo, Nereida akiwa kwenye kiti cha vipodozi, jicho moja limepakwa na jingine bado, “Danae ameanguka, kwenye paredi, mbele ya shule nzima, lakini bendera haikugusa chini, mama, yule msichana wa kushoto aliidaka, tumshukuru Mungu,” na Nereida akasema, “Mungu ashukuriwe,” alisema hivyo, kwa sababu ya bendera, kabla hajauliza kama mtoto amevunjika, ana fahamu, anatoka damu, midomo ilikimbilia bendera kwanza, ni mama wa namna gani huyo, au ni vile tulivyofundishwa tangu utoto, kila Jumatatu, jua la utosi, sare nyeupe, mkono kifuani, na anayebeba bendera ni mtoto mwenye alama za juu kuliko wote, na mwaka huu ni Danae, glavu nyeupe, mkanda wa ngozi wa kushikia mlingoti, Danae aliyelia kwa furaha alipochaguliwa kisha siku hiyo hiyo akauliza, “Mama, huo mkanda unanenepesha?”

Na yeye alijibu nini, alijibu nini siku ile, hakumbuki, pengine alisema, “Hapana, mpenzi,” huku akipekua simu, pengine alisema, “Vaa sweta juu yake,” ndiyo, sweta, Mungu wangu, yeye ndiye aliyesema sweta, na mtoto akavaa sweta mwezi wa tano, kwenye joto hili ambalo yeye mwenyewe Nereida ndiye aliyelitangaza Ijumaa, akatabasamu, akasema kunyweni maji, wekeni wazee kivulini, na mwanawe akaenda kusimama juani na sweta, na chini ya sweta... “Kuna jambo jingine,” naibu akashusha sauti, “muuguzi alipomfungua ili apate hewa alikuta hivi vichuma mgongoni, vimebana shati na sketi, vingine vimeshika ngozi kabisa, kuna alama, mama, nyekundu, nyingine za zamani zaidi, sasa sisi tunauliza, ni mtindo gani huu?” na Nereida akasema, “Sijui.” Akasema sijui. Huku Doña Chelo amesimama mlangoni na gauni mkononi na vibanio vimeng'ata ukosi wa blauzi yake, vimepangana kama ndege kwenye waya... kikulacho ki nguoni mwako, bibi yake alikuwa akisema hivyo, lakini alikuwa akimsema kimada wa babu, hakuwa akimsema mtu aliyejibana mwenyewe, na je, hilo ni kosa la nani, la mwenye vibanio au la aliyevichukua, la Evaristo, la wenye kituo, la wale wanaume wanaokaa na kahawa zao kila asubuhi na kupandisha sauti hali ya hewa ikianza, wengine hata sauti hawapandishi, wanaizima, wanasema ukimsikiliza unakosa kuangalia, waliwahi kumwambia hivyo usoni pale sokoni, wakicheka, na yeye akacheka nao, alicheka vizuri sana, akawashukuru.

“Malkia, dakika mbili tatu hivi, Poncho anataka kuonja mbuzi wake hewani,” anasema Evaristo, na kweli harufu imefika, mbuzi mchanga wa kuchoma, ile kona ya mapishi iko hatua chache tu upande wa kulia na Poncho anapiga kelele, “Sikilizeni mafuta yanavyoongea, jamani!” na wazee wa mpira wameacha kugombana kwa muda wanakula kwa mikono, na njaa inampanda Nereida mpaka machoni, kwa sababu yeye naye tangu jana mchana ni kahawa nyeusi na nusu balungi, hilo hakumwambia naibu mwalimu mkuu, naibu alisema, “Inaonekana mtoto hali, mama, nyumbani anakula?” na akajibu kwa hasira, “Anakula sana,” maana Danae husema amekula shuleni, na shuleni, sasa imejulikana, husema amekula nyumbani, na Irasema, dada yake Nereida, hajui, na jirani hajui, na katikati ya nyumba na shule kuna mtoto wa miaka kumi na mitatu anatembea na mkoba wa vitabu na njaa yake, amevunja ungo mwaka jana tu, na siku ile Irasema alipika tamali, ile mikate ya unga wa mahindi, kusherehekea na Danae akala moja akaomba radhi, “Samahani,” alisema, kwa kula, na wote walicheka, walisema mtoto ana adabu... walicheka, kwa nini wanacheka sana katika familia hii... Mama yao kule Linares alikuwa akikanda unga wa ngano na mafuta ya nguruwe huku tamthilia inaendelea juu ya friji, mikono inapiga tortila, pa, pa, macho kwenye kioo, “Mtazameni huyo, kiuno cha nyigu,” halafu anamgeukia Nereida, “wewe umechukua ubavu wa baba yako, masikini,” halafu anampa tortila ya moto yenye siagi, “kula, kula mwanangu, wanaume hawapendi mifupa,” yote mawili kwa pumzi moja, na Nereida mdogo amesimama na tortila inamchoma vidole, ale au asile, yule wa juu ya friji hali kamwe, huwa analia tu na kupanda ngazi, ale au asile, na alikula, na usiku alijipima kiuno kwa mkanda wa sketi ya dada yake. Basi na ndiyo hayo hayo? Ni ugonjwa wa kurithi, kama kisukari? Lakini mama hakuwa mbaya, mama alikuwa na upendo mpaka unamwagika, na yeye mwenyewe si mbaya, yeye hajawahi kumwambia Danae hata mara moja kwamba ni mnene, hata mara moja, anaweza kuapa mbele ya Bikira, alikuwa tu akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kuingia ndani ya runinga na kusimama mshazari.

“Mama, mbona unasimama mshazari?” Danae aliuliza akiwa bado mdogo, amepiga magoti mbele ya runinga kwa Irasema, na jioni mama aliporudi akaigiza, akatoa nyonga moja, akakunja goti, “mvua iko huku mbele, Mama, wewe unaangalia kule,” na Nereida alicheka mpaka machozi, akakipeleka kisa kazini, Evaristo naye akacheka, ikawa utani wa studio mwaka mzima, mvua iko mbele!, na hakuna aliyemjibu mtoto. Angemjibu nini, kwamba ni nusu upande na si zaidi ya nusu, ukizidisha vibanio vinaonekana, ukipunguza nyonga haionekani? Alikwenda pale kituoni yeye mwenyewe akiwa msichana mwenye shahada, na kanda ya habari aliyoitengeneza mwenyewe kuhusu bwawa lililokauka, matope yaliyopasuka, mvuvi mzee aliyekaa ndani ya mtumbwi juu ya ardhi kavu, alijivunia sana ule mtumbwi, na bwana mmoja mwenye tai akaitazama kanda mpaka mwisho, akasema, “Vizuri sana, una jicho. Sasa geuka.” Neno moja. Na yeye akageuka, akidhani nyuma yake kuna mtu.

Ka, kibanio cha mwisho, “haya, umekuwa kama chupa ya soda,” anasema Doña Chelo kwa sauti ya mapenzi, na ni mapenzi, huyu mama anampenda, ndiye aliyemletea chai ya dawa za kienyeji alipoachwa, baba yake Danae alipokwenda Houston kwa miezi michache na kuota mizizi huko, “usijali mwanangu, dada yako amekwishamchukua shuleni, mtoto atakuwa amelala sasa hivi, watoto wa siku hizi ni kuanguka tu, mimi nilianguka paredi tatu, ni chai tupu asubuhi,” na simu ya Nereida iko mfukoni mwa aproni ya Doña Chelo, inatetemeka au haitetemeki, hawezi kugeuka, “nenda,” Evaristo alimwambia kule kwenye vipodozi, “mama ni mama, nani atakuzuia, nenda, ila malizia hali ya hewa kwanza, au niseme na yule binti wa jioni, yuko hapa hapa, ameshatengeneza nywele,” na kweli alikuwa hapo, kwenye kochi, miaka ishirini na miwili, anakula karanga moja moja, akamwangalia Nereida kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, na Nereida akasema, “Namalizia.” Kwa hofu. Si kwa kazi, si kwa watazamaji, aliogopa yule binti na karanga zake, na mwanawe amelala kwenye kitanda cha shule, na sasa amesimama hapa anajiuliza kama ana haki hata ya kulia, na hawezi kulia, rangi za macho zitashuka.

Wavulana. Kuna habari ya wavulana pia. “Mama, kuna wavulana darasani wana video zako,” Danae alisema jikoni, mwezi uliopita au kabla yake, akichezea maharagwe kwenye sahani, akiyasukuma kutoka upande huu kwenda upande ule ili yaonekane yamepungua, sasa ndiyo anaona, wakati ule hakuona, “Video gani?” “Za hali ya hewa.” “Basi wanajifunza jiografia,” alitania, na Danae akanyanyua sahani akaenda. Irasema ndiye aliyekuja kusimulia baadaye: wameipunguza kasi, ile mama anavyonyoosha mkono kuonyesha mpaka wa kaskazini, polepole, tena na tena, halafu wanamgeukia mtoto, wanamwangalia kutoka kichwani mpaka viatuni, “Wewe ni wa yule kweli? Au walikuokota?” na Danae akawaambia, “Nimefanana na baba,” jibu zuri, jibu la heshima, ana akili huyo mtoto, ndiyo maana anabeba bendera... na Nereida aliposikia hayo moyo uliuma, uliuma kweli, lakini, hapa ndipo anapochanganyikiwa, hapa ndipo asipojielewa, pembeni ya maumivu kulikuwa na kitu kingine kidogo, kitamu, kwamba wavulana wa miaka kumi na mitatu bado wanaona yeye anastahili kupunguzwa kasi. Mungu anisamehe. Ni nani huyo ndani yake aliyefurahi? Amfukuze vipi? Anakaa chumba gani?

“Tunarudi kwenye mpira kidogo tu halafu ni wewe,” Evaristo, na kwenye runinga ndogo pembeni tayari wamemweka, anajiona, yule mwanamke mrefu wa gauni la bluu kwenye ramani, mji wa Monterrey uko kwenye nyonga yake, na juu ya bega lake jua la manjano lenye umbo la yai. Yai! Siku ya kwanza alipoliona aliuliza, kwa nini jua letu limekuwa yai, na fundi akaona aibu, na Evaristo akasema, “Tunaivuta picha juu kidogo, malkia, kila mtu anavutwa, hata Poncho anavutwa, mbona yeye halalamiki,” “Lakini jua...” “Kuna mtu anatazama jua?” Basi huyo pale si yeye, ni yeye aliyebanwa nyuma na kuvutwa juu, na ndiye Danae anayemwona kila asubuhi na kibakuli cha uji wa shayiri anaokwenda kuumwaga, na jioni anamwona huyu wa nyumbani, mwenye fulana, mwenye mapaja, anayejaa kwenye kiti, na mtoto aliona, hakuwa mjinga, “Mama, ukiwa kwenye TV uko tofauti,” alisimama mlangoni mwa bafu akasema hivyo, bila ubaya, akisubiri, mlango ulikuwa wazi kabisa, lilikuwa ni suala la kusema binti yangu wananivuta kama unga, na Nereida, mswaki mdomoni, alisema, “Ni taa.” Akatema povu. Akaongeza, “Ni taa, na nidhamu, na kutokula ovyo.” Kwa nini? Nani alimtuma? Ni kwamba yule mtoto alikuwa mtu pekee ndani ya nyumba ile aliyeamini kwamba mwanamke wa bluu yupo kweli, na ilikuwa raha kuaminiwa, ilikuwa raha kuliko chakula, akamwacha aendelee kuamini, na mtoto akaenda kuitafuta hiyo nidhamu, na aliipata wapi, aliipata kwenye mkoba wa mama yake, ina meno.

“Imeingia,” ananong'ona Doña Chelo, simu mkononi, mbali na macho, “dada yako ameandika, nisome? Anasema yuko nyumbani naye, yuko kwenye kochi, amejifunika shuka, supu ameikataa. Anasema...” anasogeza simu mbali kidogo, “anasema mtoto ameomba awashiwe TV. Anataka kumwona mama yake kwanza ndipo ajue kama atakula,” na Doña Chelo anatabasamu, “unaona, anakupenda,” kwa hiyo yuko pale, sasa hivi, nyuma ya kile kioo cheusi cha kamera, si mji, si wanaume wa kahawa, ni Danae na shuka lake na mgongo wenye alama, anasubiri mwanamke wa bluu atoke amwambie ale au asile. “Vitoe,” anasema Nereida. “Nini?” “Vitoe, Doña Chelo, vyote.” “Mwanangu, tuko hewani muda wowote.” “Vitoe, nakuomba kama mama yangu,” na vidole vya baridi vinarudi mgongoni, ka, na ka, gauni linashuka, linakuwa kitambaa, hewa inapita mgongoni, na sikioni na kwenye vipaza sauti vya studio Evaristo anapasuka, “Chelo! Gauni limepatwa na nini? Nereida, unaonekana kama umebeba mimba ya ng'ombe, mbaneni huyo, tuna muda, wazee bado wanabwata!” na Doña Chelo, mwenye masikio mazima kabisa, anajitia hamnazo, anavitia vibanio ndani ya aproni yake.

Sasa Danae ataona nini? Ataona mama kwenye gunia, atacheka, atasema kumbe, atakunywa supu... au atasema hata mama amejichokea, au atadhani ni kwa sababu yangu, nimemwaibisha mama shuleni na sasa haoni hata haja ya kujipamba, atalibeba na hilo, ana mgongo mdogo tu yule mtoto... na kwenye runinga ndogo, angalia, gauni limelegea lakini mashine bado inavuta, bado ni mrefu, bado ni mwembamba, legevu na mwembamba, limegeuka kuwa mtindo, yule binti wa jioni kesho atalitaka hivyo hivyo! Basi hakuna njia ya kutokea kwa picha, picha haitasema ukweli hata uivae nini, itabidi iwe kwa mdomo, nyumbani, kwenye kochi, Danae, ile picha inavutwa, nilikudanganya pale bafuni, na mimi nina njaa, mwanangu, nina njaa tangu nikiwa kama wewe, maneno ndiyo hayo, anayapanga, anayarudia, hajui kama yatasaidia au yamechelewa, lakini atayasema, atakwenda hivi alivyo na rangi usoni na hatasubiri zamu ya pili, wamkalishe yule binti, na ameamua, na kwa mara ya kwanza leo kitu fulani kiko wazi, anakitazama kile kioo cheusi na kumfikiria Danae upande wa pili, macho yake yale, yanamtazama mama, na hapo ndipo anapohisi kwamba amekaza tumbo. Limeingia ndani kabisa, limeshikilia mbavu, hakuna kinacholishika, hakuna mkono, hakuna chuma, na si kwa ajili ya wanaume wa kahawa kwa maana hao hawamo mawazoni mwake, ni kwa ajili ya Danae, anajificha kwa mwanawe mwenyewe, na hakumbuki lilianza kuingia lini, kama lilitoka hata jana, kama hulala hivi. Anaogopa. “Poncho anafuta mikono,” anasema Evaristo, “subiri, subiri kidogo.” Nereida anaachia pumzi yote, polepole, na kuliambia tumbo lishuke, lakini halishuki. Anajaribu tena.